Hatua Elfu Kumi na Saa za Kafyu

Mwaka 1965 kampuni moja ya Kijapani, Yamasa, ilianza kuuza kidude cha kuvaa kiunoni kilichoitwa manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Olimpiki ya Tokyo ilikuwa imeisha mwaka uliotangulia, watu wa mijini wameanza kuangalia vitambi vyao, na kampuni ikaona soko. Hiyo elfu kumi haikutoka hospitalini. Ilikuwa jina la bidhaa, namba iliyokaa vizuri mdomoni. Leo iko kwenye simu yako na yangu, na siku ukiishia elfu nne unajiona mvivu.

Mwaka uliofuata, 1966, serikali ya Kenya nayo ilianza kushughulika na hatua za watu wa kwetu, ila yenyewe ilitaka zipungue. Watu wa Kaskazini Mashariki walikusanywa kwenye vijiji vya lazima, wakawekewa kafyu, na kuonekana nje ya mipaka kukawa sababu tosha ya kupigwa risasi.

Naziweka tarehe hizi mbili pamoja kwa sababu nimesoma makala nyingi mno za "njia kumi rahisi za kubaki fiti na kuvutia". Ushauri wenyewe hauna ubaya: tembea, cheza densi, kunywa maji, tunza ngozi. Kinachonikera ni kwamba zinaandikwa kana kwamba kitu pekee kinachomzuia mtu kutembea ni kochi lake. Garissa tulikuwa na njia hizo zote, tena za bure na za raha. Zingine tulinyang'anywa kwa sheria. Zingine ziliingia ndani ya nyumba na zikaokoka huko, mikononi mwa wanawake.

Mimi si mwanahistoria. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipotushinda nyumbani, na sasa naishi kwa kuandika vibarua. Lakini ripoti zinasomeka kwenye simu, na nina ayeyo, yaani nyanya, aliyekuwa msichana wa kuposwa mwaka huo wa 1966. Vyuo vichache vina maktaba kama yeye.

Mwili wa safari

Anza na nyumba. Aqal ya Kisomali ni nyumba ya kuhamishika: mizizi na fito zilizopindwa kama upinde, juu yake mikeka na ngozi. Mwenye nyumba ni mwanamke. Yeye ndiye anayefuma mikeka, anayeibomoa nyumba mvua inapohamia upande mwingine, anayeifunga kwenye ngamia wa mizigo na kuisimamisha tena mwisho wa safari. Fanya hivyo mara kadhaa kwa mwaka, halafu uje unieleze habari za mabega na mgongo.

Wanaume nao walikuwa na visima. Wajir inajulikana kwa visima vyake, na kunywesha ngamia ni kazi ya kuvuta maji kwa mikono, ndoo baada ya ndoo, kwa wimbo. Wimbo ndio ulioshika mapigo ili mikono isichoke kabla ya mifugo kutosheka. Kando ya Mto Tana, Wamunyoyaya na Wapokomo walijenga mwili wa aina nyingine, wa jembe na wa kupiga kafi. Hakuna aliyeita haya mazoezi.

Na kuvutia? Hapo kuna jambo ambalo vijana wenzangu wa Nairobi hulisikia wakashangaa. Kisomali kina neno caato, mtu mwembamba, na hutumika hata kama jina la utani. Lakini kwa mfugaji wembamba ulikuwa habari ya ukame. Mwanamke akijifungua alikaa siku arobaini, afartan, akilishwa na kupumzishwa, na akitoka amenawiri jirani walijua nyumba ile ina maziwa. Kwa hiyo ule mwili unaotafutwa leo kwa kuruka chakula cha jioni, bibi zetu waliuona wakaomba dua.

Walichosifu zaidi ni mwendo. Sikiliza wazee wakimsifu mtu: kabla ya uso watakuambia anatembeaje. Na hapo ndipo inapoingia dhaanto. Ni ngoma ya mistari, wavulana na wasichana wakisogea mbele na kurudi, makofi, shairi linaloitwa na kuitikiwa, shingo na mabega vikienda kwa madaha huku magoti yamelegezwa. Wengi husema mwendo wake umeigwa kwa ngamia. Icheze robo saa bila kupumzika na mapaja yako yatakujibu. Lakini hakuna aliyeicheza kwa ajili ya mapaja. Vijana walichunga mifugo siku nzima, kila mmoja upande wake, na usiku, baada ya kukamua, dhaanto ndiyo iliyowakutanisha. Pale msichana alimwona mvulana ana pumzi kiasi gani, ana maneno gani, na kama anajua kuingia kwenye mstari bila kumkanyaga mtu.

Usiku au jioni, kwa sababu mchana haiwezekani. Garissa jua likiwaka joto hufika nyuzi 35 na kupita. Mtu mwenye akili hutoka alfajiri, hurudi kivulini, na hutoka tena jua likishuka. Kumbuka hili la saa, kwa sababu habari yote inayofuata imejengwa juu yake.

Nchi iliyofungwa

Waingereza walianza mapema. Kwa sheria ya mwaka 1902 ya wilaya za mbali, eneo lililokuja kuitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, NFD, lilifungwa: kuingia na kutoka kulihitaji kibali. Mwaka 1934 ikaja sheria ya wilaya maalum, iliyowapa maafisa nguvu zaidi juu ya nani akae wapi na apite wapi. Kwa watu ambao maisha yao ni kuifuata mvua, hiyo ni kama kumwambia mvuvi aombe ruhusa kila akitaka kugusa maji.

Mwaka 1962 tume ilitumwa kuuliza watu wa NFD wanataka nini, ikakuta Wasomali wengi wanataka kujiunga na Somalia. Halikufanyika hilo. Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na kabla mwezi huo haujaisha hali ya hatari ilitangazwa kaskazini. Vita vilivyofuata serikali iliviita vya Shifta, yaani vya majambazi, na jina hilo likawaangukia hata wasiowahi kushika bunduki.

Kuanzia 1966 vikaja vile vijiji. Familia ziliondolewa malishoni zikawekwa pamoja chini ya ulinzi. Mifugo ilichungwa karibu, kwa masharti, na watu walirudi kabla ya giza. Ngamia hawezi kuishi hivyo. Anataka eneo kubwa na majani tofauti tofauti. Wengi walikufa, wengine walichukuliwa au kuuawa na wanajeshi. Mwaka huohuo zikatungwa kanuni maalum za Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya jirani, zilizoruhusu watu kukamatwa na kuzuiliwa kwa namna ambayo Mkenya wa Nyeri au Kisumu hakuijua. Serikali za Kenya na Somalia zilipatana Arusha Oktoba 1967. Utawala wa hali ya hatari ulibaki mpaka 1991.

Piga hesabu: kutoka Desemba 1963 hadi 1991 ni karibu miaka 28. Mtoto alizaliwa, akaolewa, akazaa, na hajawahi kuishi siku moja chini ya sheria sawa na Wakenya wengine.

Nilimuuliza ayeyo ni nini kilibadilika mwilini mwake. Alifikiri kidogo. "Tulijifunza kukaa," akasema. Kabla ya kijiji, anasema, hakumbuki mchana mzima amekaa. Ndani ya kijiji kulikuwa na foleni ya maji, foleni ya unga, na kungoja. Na dhaanto? Akacheka kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Makofi usiku yangeita askari. Wasichana wa umri wake, kwa hivyo, waliolewa bila ile mistari. Anasema alimwona babu yangu mara ya kwanza mchana, kwenye foleni, na kwamba hakuweza kujua kama anajua kutembea.

Ukitaka kujua kwa nini bulla nyingi za Garissa zilijaa watu wasio na mifugo, sehemu ya jibu ni hiyo, na sehemu nyingine ni ukame uliofuata. Watu waliotembea wakawa watu wa kukaa kwa kipindi cha miaka michache. Ngamia hawakurudi, lakini chai yenye sukari nyingi na unga wa msaada vilibaki.

Uwanja wa shule

Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa Garissa, vikosi vya usalama vilichoma nyumba za Bulla Karatasi na kuwakusanya wakazi kwenye uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa. Walikaa huko kwa siku tatu bila chakula wala maji. Wengi walikufa, na hesabu bado inabishaniwa. Februari 1984 ikawa zamu ya Wajir: wanaume wa Degodia walipelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, wakavuliwa nguo, wakalazwa juani kwa siku kadhaa, na mauaji yakafuata. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika yote mawili katika ripoti yake ya 2013.

Nayataja hapa kwa sababu ya viwanja. Katika mji mwingine ukimwambia mzee "twende uwanjani ukanyooshe miguu" anaona umemkaribisha. Hapa wapo wazee ambao neno uwanja linawarudisha mahali pengine kabisa, na huwezi kuwaita wavivu.

Sura nzuri, sura ya kutiliwa shaka

Mwaka 1975 mpigapicha Mmarekani, Peter Beard, alikutana na msichana wa Kisomali kwenye mitaa ya Nairobi. Iman alikuwa mwanafunzi wa siasa Chuo Kikuu cha Nairobi, binti wa mwanadiplomasia, mzaliwa wa Mogadishu mwaka 1955. Alipotua New York vyombo vya habari viliambiwa na Beard hadithi tofauti: kwamba ni mchunga mifugo aliyeokotwa porini. Iman aliikanusha, lakini hadithi ilikuwa imeshauza. (Na ndiyo, naye hakumaliza chuo. Najipa moyo.)

Angalia mwaka. Dunia ya mitindo ilikuwa tayari kulipa pesa nyingi kwa ajili ya shingo ndefu na mwendo wa mchungaji wa kubuni, wakati wachungaji wa kweli kaskazini mwa Kenya walikuwa wanaishi chini ya sheria ya hatari. Sura ileile ikiwa kwenye jalada la jarida ilikuwa uzuri. Ikiwa kwenye kizuizi cha barabarani ilikuwa sababu ya kuulizwa kitambulisho. Mwishoni mwa 1989 serikali ilianza kuwapekua Wakenya Wasomali na kuwapa kadi ya ziada, ya rangi ya waridi, kuthibitisha kwamba ni raia. Ni Wakenya wa kabila hilo tu walioitwa. Walitambuliwaje? Kwa jina, ndiyo, lakini kwanza kwa pua, nywele na rangi.

Nadhani ndiyo maana kuvutia, kwetu, hakujawahi kuwa jambo jepesi. Unajipamba uso ambao mtu mwingine ameshaupa maana yake.

Chetezo na majani ya mkunazi

Hata hivyo watu walijipamba. Na kilichotumika kilitoka kwenye miti ileile ya nyika.

Qasil ni majani ya mti tunaouita gob. Ukiyakausha na kuyasaga ukayachanganya na maji yanatoa povu, kwa sababu yana kemikali za asili zinazofanya kazi kama sabuni. Wanawake huosha nywele nayo, huipaka usoni ikakauka kisha huiosha. Sasa wewe wa Mombasa au Lamu usishangae sana: gob ni mkunazi. Majani yale yale bibi yako anayajua kwa shughuli nyingine.

Mswaki unatoka kwenye mti wake, na mti wenyewe unaitwa hivyo hivyo. Wanja, hina na manjano vinajulikana pwani nzima. Halafu kuna uunsi: ubani na manukato vilivyopikwa pamoja na sukari mpaka vikashikana, vikachomwa kwenye dabqaad, chetezo cha udongo au cha mawe. Mwanamke husimamia moshi, nguo na nywele zikanywa harufu, na ukikutana naye ngazini unajua amepita hata kama hujamwona. Ubani na manemane hugemwa kwenye miti ya hukuhuku, Garissa, Wajir na Mandera, na ni biashara.

Kafyu haikuweza kuzima chetezo. Ndani, milango ikiwa imefungwa, kichwa kilisukwa, mikono ilichorwa hina, na harusi zilizofanywa mchana zilikuwa na buraanbur, mashairi ya wanawake wanayoyaitikia kwa makofi huku mmoja mmoja akiingia katikati na shela yake, akiruka na kuzunguka mpaka jasho limtoke. Ukitafuta mazoezi ya moyo yasiyo na mashine, ingia kwenye buraanbur ya mama wa miaka hamsini na mitano halafu uone nani atakaa chini kwanza.

Siku hizi qasil inauzwa kwenye makopo mazuri London na Minneapolis, na wasichana wa TikTok wanaipaka mbele ya kamera. Mimi nafurahi. Ninachowaomba ni kitu kimoja: kopo la qasil lisikae rafu moja na krimu za kujichubua. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Kenya, lakini sokoni bado vinapatikana, na vinanunuliwa na wasichana walioambiwa kwamba weupe ndio uzuri. Hayo nayo tuliambiwa nyumbani, na watu wetu wenyewe, na serikali haihusiki.

Saa kumi na mbili na nusu

Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa al-Shabaab waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi wa rika langu au wakubwa kidogo. Siku iliyofuata ikaanza kafyu Garissa, Wajir, Mandera na Tana River: saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baadaye ikaongezwa muda. Watu walilalamika kwamba hawawezi kwenda msikitini alfajiri wala isha. Lakini rudi kwenye lile joto la nyuzi 35. Masaa yaliyofungwa ndiyo masaa pekee ambayo mwili unaweza kutembea Garissa kwa starehe. Mchana uliobaki ulikuwa wetu, na mchana hauna maana.

Wasomaji wa Nairobi mnaijua hali hii kidogo. Machi 2020 mlipowekewa kafyu ya korona mlianza kuruka kamba sebuleni na kuposti. Ilidumu mpaka Oktoba 2021 na kila mtu alisema inamharibu kichwa. Zidisha.

Sasa rudi kwa ayeyo. Ana kisukari. Muuguzi alimwambia kwa upole atembee nusu saa kila siku, na ushauri ni sahihi: Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mwendo wa kuchangamka kwa wiki. Alimwambia aende jioni kukishapoa. Ayeyo alitikisa kichwa akakubali, na jioni hakutoka. Magharibi ikiingia yeye huingia ndani, hufunga mlango, na hukaa. Hakuna kafyu sasa. Nilipombishia alinitazama tu. Mwili wake ulifundishwa kukaa akiwa na miaka kumi na sita, na walioufundisha hawakurudi kuja kuufundisha tena kusimama.

Kwa hiyo tumeanza na alfajiri. Baada ya swala, kabla jua halijapata nguvu, mimi, yeye na mama wawili wa jirani tunatembea upande wa mashamba ya mto. Abaya, buti za plastiki, bakora. Mwanzoni vijana wa bodaboda walitucheka: "Ayeyo, unakimbizwa na nani?" Akawajibu kwamba safari hii hakuna anayemkimbiza, na wakanyamaza kidogo kuliko nilivyotarajia.

Kuna vikwazo vyetu vya ndani pia, na nitakuwa mnafiki nikiviruka. Msichana akikimbia barabarani atasemwa. Wapo mashekhe wanaoipinga dhaanto ya mchanganyiko, na wapo wazazi wanaoona mpira wa miguu ni wa wavulana. Kisingizio cha nje kimoja kimeshaondoka: mwaka 2014 FIFA iliruhusu rasmi hijabu uwanjani. Halima Aden, aliyezaliwa kambi ya Kakuma mwaka 1997, alishindana Miss Minnesota mwaka 2016 akiwa na hijabu na burkini, akapigwa picha Watamu mwaka 2019, kisha Novemba 2020 akaacha kazi ya mitindo kwa sababu aliona inamtoa kwenye imani yake. Napenda kwamba aliingia kwa uamuzi wake na akatoka kwa uamuzi wake. Hilo ndilo ninalolitaka kwa msichana wa Bulla Iftin, avae buti za mpira au asivae.

Basi orodha yangu, kwa kuwa makala ya namna hii lazima iwe na orodha. Tembea alfajiri na mtu mzima wa nyumbani kwenu, na umuulize alitembea wapi akiwa na umri wako. Kwenye harusi usikae na simu; ingia katikati. Osha uso na qasil, au mkunazi, uite utakavyo. Kunywa maziwa ya ngamia ukiyapata. Ukiwa Garissa, toka jioni saa kumi na mbili na nusu, hewa ikiwa imepoa na taa za maduka zikianza kuwaka, upite tu polepole ukinukia, bila kuwa na pa kwenda. Ayeyo bado hajakubali kutoka saa hiyo. Wiki iliyopita alifika mpaka getini, akasimama hapo na bakora yake akiangalia watu wakipita, na akamsema msichana mmoja kwamba anatembea vizuri.